Vidonge Ndani ya Pindo la Koti

Miaka haibishi hodi. Hupita mmoja baada ya mwingine, na mja huja kutambua kwamba imepita pale aonapo kizingiti cha mlango wake kimelika katikati, au ubao mgumu wa meza umeota bonde mahali pale pale alipozoea kuegemea. Katika karakana moja ya ushonaji, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vyombo, ipo meza ya namna hiyo. Urefu wake ni hatua saba za mtu mzima, na upande wa dirishani imelika na kung'aa kwa kiwiko cha mtu mmoja aliyesimama hapo miaka thelathini na minne. Mtu huyo wote humwita Futi. Kwanza kwa kuwa ni mrefu na mwembamba, na pili kwa kuwa futi ya kamba ya kupimia haijapata kushuka shingoni mwake. Mkewe husema kwamba hata siku ya ndoa yao ilibidi amnong'oneze aivue, naye akaitia mfukoni, ikaning'inia nje kama ulimi.

Kazi za karakana ile zimegawanywa tangu zamani. Mafundi sita wa cherehani hushona. Mke wa Futi hupiga pasi kwenye chumba kidogo cha nyuma. Futi hukata. Na kukata si kazi ya kila mtu, maana mshono ulioharibika hufumuliwa ukashonwa upya, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi tena kuwa kitambaa. Kwa sababu hiyo mkasi mkubwa wa karakana hushikwa na mtu mmoja tu. Marehemu mwasisi wa karakana, mume wa Bi Mkubwa anayeimiliki hadi leo, aliacha utaratibu ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja: mkasi ule hauazimwi, hauachwi mezani, na mwenye kuukabidhi kwa mwingine amekabidhi na cheo chake. Futi aliupokea mikononi mwa mzee huyo akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, na siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu, njia yote akitabasamu peke yake.

Mwenyezi Mungu, aliyempa mkono wenye shabaha, alimpa pia mtihani, tena wa namna mbili katika kiwiliwili kimoja. Yalikuwapo majira ambapo kichwa chake kiliwaka. Usingizi ulimkimbia siku tatu, nne, tano, naye asihisi uchovu. Maneno yalimtoka kwa kasi hata wasikilizaji wakaacha kufuata. Alinunua magunia ya vifungo visivyo na nguo, akachora ruwaza za makoti ukutani kwa chaki, akawaamkia wapita njia asiowajua na kuwaahidi suti. Kisha majira yaligeuka. Futi yule yule aliketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, asiweze kukivaa, mpaka jua likageuza kivuli cha dirisha. Katika hali ya kwanza, pombe ilikuwa kitu cha kuuzimia moto. Katika hali ya pili, ilikuwa kitu cha kumnyanyua kitandani. Alipotimiza miaka arobaini pombe haikuwa tena ya kuzimia wala ya kunyanyulia. Ilikuwa imekuwa maradhi yenye dai lake, na mikono yake ilitetemeka asubuhi mpaka apate bilauri ya kwanza.

Watu waliona chupa, kwa kuwa chupa huonekana. Kilichokuwa kichwani hakuna aliyekiona, wala yeye mwenyewe hakuwa na jina la kukiita.

Si kwamba hakutafuta tiba. Katika hospitali kuu ya mji kulikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu. Mwisho mmoja wa ukumbi palikuwa na chumba cha walevi, na mwisho wa pili chumba cha maradhi ya akili. Wauguzi wa chumba cha walevi walimwambia, "Wewe una mambo ya kichwani, hatuyawezi sisi, nenda upande ule." Upande ule walimwambia, "Acha pombe kwanza miezi mitatu, ndipo tujue kichwani mna nini." Kila chumba kilimfungulia faili lake, na mafaili hayo mawili hayakupata kuonana. Futi aliupima ukumbi ule kwa miguu mara nyingi hata mwanamke aliyekuwa akipiga deki akamzoea.

"Leo unatoka wapi kwenda wapi, kaka?"

"Natoka kwa walevi, dada, naenda kwa wendawazimu."

"Basi kaa hapa katikati upumzike kidogo, kwa sisi wazima," alisema yule mwanamke, akamsogezea ndoo aliyoifudikiza.

Walicheka wote wawili. Miaka kadhaa baadaye Futi alikuja kusema kwamba ndoo ile ilikuwa kiti cha kwanza alichopewa hospitalini bila kuulizwa kosa lake.

Kosa lililomfikisha ukingoni lilikuwa la ukataji. Alikwisha kuharibu kazi mara moja hapo nyuma, alipokutwa amelala juu ya jora la kitambaa, amelewa, na mkasi chini ya shavu. Bi Mkubwa alimsamehe. Mara ya pili ilikuja oda ya makoti sitini ya chuo cha wauguzi. Kitambaa kilikuwa cha kijani chenye uso mmoja. Upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Mkataji mwenye fahamu hutandaza kitambaa kama hicho uso kwa uso, ili kila akatapo mkono wa kulia apate na wa kushoto. Futi, kwa haraka iliyokuwa ikimchemka mishipani, alitandaza tabaka zote zikiangalia juu, akakata kwa saa mbili bila kuinua kichwa, huku akiimba. Mikono yote mia na ishirini ilitoka ya kulia.

Bi Mkubwa aliposhika mkono wa kwanza, wa pili, wa kumi, aliketi.

"Mwanangu," alisema, "nitafute wapi wauguzi sitini wenye mikono miwili ya kulia?"

Mafundi hawakujua kama wacheke au walie. Bi Mkubwa alinyoosha kiganja, na Futi akauweka mkasi juu yake. Hapo ndipo alipotamka neno ambalo Futi alilibeba kila siku tangu hapo: "Nitakurudishia ukipona. Lakini yakitokea mara ya tatu, usije kuniomba. Mtu mwingine atasimama dirishani."

Futi alikunywa siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mkewe na jirani mmoja walimfikisha hospitalini akiwa hajui ameshika nini. Walipouingia ule ukumbi mwekundu, mpiga deki aliwaonyesha mlango uliokuwa katikati, ambao zamani ulikuwa stoo ya mafagio. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa mpya. Ndani alikaa muuguzi mmoja mwanamke, umri wake wa kuweza kuwa binti yao, amehamia si muda, na juu ya meza yake palikuwa na mafaili yote mawili ya Futi, moja limewekwa ndani ya jingine.

"Shikamooni," alisema. Jirani alipomaliza kumweleza kisa cha makoti, badala ya kumtazama mgonjwa alimgeukia mkewe. "Mama, siku ile aliyokata mikono ya makoti, baba alikuwa amekunywa?"

Katika miaka kumi na mitano ya kuhangaika hakuna aliyepata kumuuliza mke wa Futi swali hilo. "Hapana," alisema. "Wala tone. Alikuwa na miezi miwili hajagusa."

"Alikuwa amelala?"

"Kulala? Siku tano hakulala, mwanangu. Nyumba yote ameipaka rangi. Hata kuku wa jirani alitaka kumpaka."

Muuguzi aliandika kwa utulivu. Futi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mshitakiwa, alikiinua. "Kwa hiyo mimi si mlevi?"

"U mlevi, baba, na ulevi ni maradhi, tutautibu," muuguzi alijibu bila ukali. "Lakini una na maradhi mengine, ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Haya mawili ni kama watu wanaokaa nyumba moja. Ukimfukuza huyu mlango wa mbele, yule humfungulia wa nyuma. Huku nje walikuwa wakikwambia umalize moja ndipo uanze jingine. Mimi nitaanza yote leo."

Futi akasema kwa lugha ya kazi yake: "Koti likichanika kifuani na mgongoni, hushoni kifuani mwaka huu ukaacha mgongo mpaka mwakani. Mvaaji atapigwa na baridi vilevile."

"Basi umenielewa kuliko madaktari wengine," alisema muuguzi.

Walimlaza. Muuguzi alimweleza mkewe kwamba mnywaji wa miaka mingi hakatishwi pombe ghafla nyumbani peke yake, kwa kuwa mwili huweza kutikisika hata kuhatarisha uhai. Hivyo juma la kwanza alitazamwa kitandani, akipewa dawa ya kumshusha polepole. Baadaye daktari alimwandikia vidonge vya kutuliza kule kupanda na kushuka, na kila mwezi akatolewa damu kupimwa. Alielekezwa kwenye kikundi cha walioacha pombe. Mkewe naye alifundishwa dalili: kupungua kwa usingizi kuliko kawaida, maneno mengi, ununuzi usio na maana, mzaha usiokoma. "Wewe ndiye macho yake, mama," aliambiwa, "lakini si polisi wake."

Baada ya miezi tisa Bi Mkubwa alimrudishia mkasi, naye aliupokea kwa mikono miwili. Nyumbani mkewe alimkuta jikoni akimshukuru Mungu kwa sauti, kwa jambo dogo la kuwa ameamka, amevaa viatu vyote viwili, na saa bado ni moja.

Kikundi cha walioacha pombe kilikutana jioni moja kila juma katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni, na ubaoni bado kuna hesabu za kutoa. Kiongozi wao alikuwa mchomeleaji wa vyuma aliyeitwa Cheche, mtu wa kifua kipana, miaka kumi na mmoja bila kugusa pombe, mwema kwelikweli, anayeweza kukesha na mwenzake aliyezidiwa. Lakini wema una nyakati zake za upofu. Siku moja Futi alipofika na pakiti ya vidonge aliyotoka kuichukua hospitalini, Cheche alimtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, mimi niliacha kwa kudra ya Mungu na maji baridi. Wewe kila siku unameza. Hujaacha bado. Umehama chupa, umehamia pakiti."

"Ni dawa, Cheche. Nimeandikiwa."

"Na mimi pombe nilijiandikia mwenyewe," alisema Cheche, na darasa zima likacheka.

Futi alicheka nao, lakini neno lilimchoma. Na lilipata mahali pa kukaa, kwa sababu moyoni alikuwa na lake. Tangu aanze vidonge, vidole vyake vilitetemeka kidogo sana, mtetemeko ambao hakuna aliyeuona isipokuwa yeye na chaki. Aliukosa ule moto wa zamani, ule uliomfanya akate koti kwa jicho bila kupima. Akawaza: nikiacha vidonge nitakuwa safi kabisa, hata Cheche hatakuwa na la kusema.

Ugumu ulikuwa mkewe. Kila asubuhi alimpa kidonge na bilauri ya maji, akingoja. Futi alikificha kati ya vidole, akanywa maji, akamshukuru. Mtu wa kazi nyingine angekitupa chooni. Lakini Futi alilelewa mezani ambako hata kipande cha bitana kisichozidi kiganja huwekwa akiba, na kutupa dawa kulionekana kwake kama kuidharau neema ya Mola. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo fundi cherehani tu angelifikiria: alifumua sentimita mbili za pindo la koti lake la kazi, la kahawia, akakitia kidonge ndani, akashona kwa mishono midogo isiyoonekana. Kesho yake akashona cha pili pembeni yake. Kila kidonge na chumba chake, visije vikagongana na kutoa sauti.

Mkewe alilipiga pasi koti lile kila Alhamisi. Alhamisi mbili za kwanza lilikuwa mwilini mwa mwenyewe, ambaye alidai anahisi baridi. Alhamisi ya tatu alimvua kwa mzaha, akalitandaza mezani kwake, akanyunyiza maji, akashusha pasi kwenye pindo. Mpiga pasi wa miaka mingi huona kwa kiganja. Chuma kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, kama gurudumu juu ya kokoto. Akainua pasi. Juu ya kitambaa cha kahawia paliota madoa meupe, ya mviringo, yamejipanga kwa nafasi sawa.

Asubuhi ile, na mbili kabla yake, alimkuta mumewe amekwisha kufagia nyumba na kuosha madirisha kabla hajaamka. Alikuwa amefurahi kwa hilo, akajilaumu sasa kwa kufurahi. Alichukua kifumulio, akafumua pindo uzi baada ya uzi. Akahesabu. Vidonge kumi na tisa. Vingine vilikuwa vimeyeyuka kwa mvuke, vikashikamana na nyuzi.

Kule mbele cherehani zilikuwa zikinguruma, na sauti ya Futi juu yake, ikiwasimulia mafundi hadithi ya tatu bila kumaliza ya kwanza. Mezani palikuwa pametandazwa oda kubwa kuliko zote za mwaka ule, makoti themanini, tena ya chuo kile kile kilichowahi kukosa mikono ya kushoto na ambacho Bi Mkubwa alikibembeleza miezi mingi kirudi. Mistari ya chaki ilikuwa imechorwa. Mkasi ulikuwa mkononi.

Mke wa Futi aliingia na koti begani. Hakupaza sauti. Alisimama upande wa pili wa meza, akaanza kuvipanga vile vidonge juu ya kitambaa, kimoja kimoja, akiufuata mstari wa chaki.

"Fundi," alisema, "hivi ni vifungo vya nguo gani?"

Cherehani moja ilinyamaza, kisha ya pili, mpaka zote sita zikawa kimya. Futi alivitazama vidonge. Alitaka kucheka, mzaha tayari ulikuwa ulimini.

"Pindo lilikuwa linaumwa," alisema.

"Naona limepona," alijibu mkewe, na machozi yakamshuka huku midomo ikitaka kucheka. "Wewe je, mwenzangu? Umelala lini?"

"Nimelala."

"Umelala lini?"

Mkono wake wenye mkasi ulikuwa na haraka yake wenyewe. Ulimwambia akate kwanza, azungumze baadaye, kwamba leo angeweza kukata makoti themanini kabla ya adhuhuri. Ndipo macho yake, yakifuata safu ya vidonge, yalipofika ukingoni mwa kitambaa, mahali tabaka zinapoonekana zimelaliana. Tabaka ya kwanza ilikuwa inang'aa juu. Ya pili nayo ikang'aa juu. Ya tatu vilevile. Alizigeuza kwa kidole hadi ya kumi. Alikuwa amezitandaza zote zikiangalia upande mmoja.

"Umemwambia Bi Mkubwa?" aliuliza polepole.

"Si kazi yangu kumwambia," mkewe alisema. "Ni yako. Mimi nitakusindikiza hospitali, basi."

Hatua kutoka meza ile hadi chumba cha Bi Mkubwa hazizidi kumi na tano. Futi husema kwamba hajapata kutembea safari ndefu kuliko hiyo. Alijua utaratibu wa mkasi. Mwenye kuukabidhi amekabidhi cheo. Alijua pia neno la mara ya tatu. Kama angerudi mezani akatandaza upya, pengine angefaulu, na pengine hakuna ambaye angejua. Lakini alijua na jambo jingine, kwa kuwa muuguzi alimfunza kuutazama mwili wake kama atazamavyo kitambaa: kwamba moto ule hauishii kwenye meza. Huishia kwenye chupa.

Bi Mkubwa alikuwa akimimina chai. Futi aliuweka mkasi mbele yake, mpini ukimwelekea yeye.

"Nimekuja kukabidhi, mama."

Mzee yule alimtazama usoni, akanusa. "Umelewa?"

"Sijalewa. Lakini nikiendelea hivi, wiki ijayo nitalewa. Niliacha dawa kwa siri, siku kumi na tisa. Na sasa hivi nilikuwa karibu kukata."

Bi Mkubwa alishusha birika. Aliinuka, akajikongoja hadi mezani, na mafundi wakampisha. Alizigeuza tabaka kwa vidole vyake vilivyokunjamana, moja moja, kama asomaye kitabu. Aliona kila kitu. Aliviona na vidonge.

"Umekata?"

"Sijakata."

"Hata inchi?"

"Hata inchi, mama."

"Basi kitambaa ni kizima," alisema Bi Mkubwa, "na mara ya tatu haijatokea." Aligeuka kumkabili. "Marehemu alinifundisha kwamba mwenye kukabidhi mkasi amekabidhi cheo. Hakunifundisha la kumfanyia mtu anayeukabidhi kabla ya kuharibu. Hakupata kumwona mtu wa namna hiyo, nadhani. Hilo nitaliamua mwenyewe. Nenda hospitali. Mkasi nitautia mafuta mimi. Ukirudi na karatasi ya yule binti, utaukuta." Kisha akawageukia mafundi waliokuwa wamekodoa macho. "Na nyie cherehani zimekufa? Tandazeni hiki upya, uso kwa uso, mumngoje!"

Muuguzi, alipoonyeshwa koti lenye madoa, alicheka mpaka akavua miwani. Hakukemea. Aliuliza kwa nini, naye Futi akasema yote: maneno ya Cheche, na vidole vinavyotetemeka.

"Vidole ungeniambia, baba," alisema muuguzi. "Dawa hupimwa ikapunguzwa, au hubadilishwa. Si lazima ishonwe kwenye pindo. Na usivirudie hivi ulivyoacha kwa kujipimia mwenyewe. Tutapima damu, tuanze taratibu. Ama huyo rafiki yako, mwambie hivi: pombe ilikuwa ikikuita ukiwa umelala, ukiwa kazini, ukiwa kwenye msiba. Kidonge hiki kimewahi kukuita?"

Futi alifikiri. "Hapana. Mimi ndiye ninayekisahau."

"Ndiyo tofauti yake."

Kwa majuma matatu Futi alishona vifungo. Mtu aliyekuwa mkataji mkuu aliketi kwenye kigoda kando ya chumba cha pasi, akitia vifungo kwenye nguo za wengine, huku mkewe akimtania: "Fundi, hakikisha hivyo si vya kumeza." Usingizi ulirudi kidogo kidogo, saa nne za kulala, kisha tano, kisha sita. Baada ya majuma matatu alileta karatasi. Bi Mkubwa aliisoma kwa kuiweka mbali na macho, akaingia chumbani, akatoka na mkasi unaonukia mafuta. Makoti themanini yalikatwa kwa siku mbili, kwa utulivu, kulia na kushoto. Chuo kilipokea kazi yake, na mwalimu mmoja wa hapo aliandika barua ya shukrani ambayo hadi leo imebandikwa juu ya mashine ya vifungo.

Katika kikundi, Futi alisimama kati ya madawati yale madogo akasimulia habari za koti. Watu walicheka, naye aliwaacha wacheke. Cheche hakucheka. Walipotoka nje alimshika mkono.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nilisema nisilolijua."

"Ulisema kwa wema."

"Haya." Mchomeleaji alitazama viatu vyake. "Huyo muuguzi wako, huwaona na watu ambao... hawanywi tena, lakini kila alfajiri huamka na hofu isiyo na sababu? Moyo unadunda kama nyundo. Miaka kumi na mmoja."

"Huwaona," alisema Futi. "Twende pamoja. Kuna dada wa deki pale atatupa ndoo tukalie."

Imepita miaka saba. Ingekuwa uongo kusema kwamba njia ilinyooka. Mwaka wa pili, baada ya mazishi ya kaka yake, Futi alikunywa bilauri moja. Siku hiyo hiyo alijipeleka mwenyewe kwenye mlango wa katikati ya ukumbi, akasema alichofanya, akapokewa. Yapo majira ambayo bado humshusha, lakini hayamfikishi tena chini kabisa. Na yakianza kumpandisha, mkewe humwuliza swali moja tu, la usingizi, naye humjibu ukweli. Binti yao wa pekee, ambaye utotoni alijifunza kumsikiliza baba yake kwa jinsi anavyofungua mlango, sasa ana mtoto wake, na humleta karakana bila wasiwasi. Cheche hulala. Kikundi kimekua, wapo wanaomeza dawa na wasiomeza, na hakuna anayemhesabia mwenzake.

Futi, akiulizwa, husema kwamba anashukuru kwa wengi kuliko anavyoweza kuwataja: kwa aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza, kwa mama aliyepima kitambaa kabla ya kumhukumu mtu, kwa mkono wa mkewe uliohisi chini ya chuma moto kile ambacho macho hayakukiona. Husema pia kwamba Mola angeweza kumpa afya tangu mwanzo, lakini asingewajua hawa.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yaliyofichika vifuani na yaliyoshonwa ndani, mdumishie mja wako huyu usingizi wa salama na mkono wa uhakika. Mrehemu mkewe, umzidishie subira na umpunguzie mzigo. Mpe Bi Mkubwa mwisho mwema, na marehemu wake umpumzishe. Uwajalie binti yao na mjukuu wao maisha yasiyo na hofu mlangoni. Na kila aliye na mawili katika mwili mmoja, mpatie atakayeyaona yote mawili. Amina.